Tuliandikwa Hatuna Makazi

Mlioniacha juma lililopita nimepiga magoti sebuleni kwa Mwenyekiti wa mtaa, jueni kwamba niliinuka. Magoti yalichubuka, lakini kazi niliipata: kumwongoza karani wa sensa nyumba kwa nyumba, upande wetu wa bondeni.

Na wewe unayenikuta leo njiani, shika hili moja, mengine yatajileta yenyewe. Mke wangu alikata roho juu ya mkokoteni wangu, huu huu ninaobebea magunia ya watu, nikiusukuma kupanda mlima kwenda hospitali ya kule juu. Bondeni hatuna zahanati. Nilipokwenda kuuliza kwa nini hatuna, bwana mkubwa mmoja mwenye kiti cha kuzunguka akanizungusha na mimi.

"Mzee, sensa iliyopita inasema bondeni mko wachache. Zahanati haijengewi watu wachache."

Wachache! Bondeni, ambako ukipiga chafya nyumba ya kwanza unaombewa afya nyumba ya tatu!

Nikaapa. Safari hii hapotei hata kichanga mmoja. Watatuhesabu mpaka wachoke, halafu tuone watatoa sababu gani nyingine. Kwa ajili hiyo nikampigia magoti mtu ambaye tangu msiba nilikuwa nimeapa kutomsalimia.

Basi sikieni walivyonifanya.

*

Karani alifika asubuhi na mapema. Binti mdogo, mwalimu wa shule ya msingi, viatu vya raba, na kile kibao cha kioo wanachokiita kishikwambi kikining'inia shingoni.

"Shikamoo baba. Wewe ndiye mwongozaji wangu?"

"Marahaba mwanangu. Ndiye. Usinicheke, hiki kizibao kimeshonwa kwa kipimo cha mtoto, ndicho walichonipa."

Alicheka hata hivyo. "Tuanze na kwako?"

"Kwangu tumalizie. Tuko wawili tu, mimi na binti yangu. Hatukimbii."

Binti yangu alikuwa mlangoni anasugua sufuria. Ana miaka tisa, na mtaa mzima unamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Hata mimi siku hizi naitwa Baba Chiriku, jina langu wamelisahau.

"Baba, na sufuria zinahesabiwa?"

"Sufuria hazihesabiwi."

"Basi mbona nazisugua?"

Tukamwacha hapo. Tukaenda nyumba ya kwanza, kwa fundi cherehani. Mkewe alikuwa amekaa kizingitini, tumbo limefika puani, anajipepea kwa kipande cha boksi. Nilimwangalia yule mama nikasema moyoni: wewe ndiye wa kwanza tutakayekuokoa na mkokoteni.

"Hodi! Sensa!"

Fundi akatoka na futi shingoni. "Karibuni, lakini mmechelewa." Akainua kidole gumba cha kushoto. Kilikuwa kimepakwa wino wa zambarau mpaka kwenye kucha. "Mimi nimeshahesabiwa. Na mke wangu, na watoto, na shemeji aliyekuja kutembea."

Karani akanitazama. Mimi nikamtazama fundi.

"Nani kawahesabu?"

"Wenzake huyu. Jana usiku, uwanjani kule juu, kwenye mkesha wa Mwenyekiti. Muziki, soda, na wino." Akamgeukia karani. "Wewe karani gani hujui makarani wenzako?"

Nyumba ya pili kwa mama muuza mkaa. Naye akainua gumba.

"Mama, sioni wino," akasema karani.

"Utauona wapi na masizi haya? Lakini upo. Sugua uone."

Nyumba ya tatu ni kibanda cha kinyozi, nyuma yake ndipo anapolala na familia. Alikuwa amemnyoa mteja nusu kichwa. Wote wawili wakainua magumba kama watu waliopangiwa.

"Baba Chiriku, ulikosa jana," kinyozi akasema. "Soda baridi mpaka meno yanauma. Tumehesabiwa huku tunacheza. Serikali ikitaka inaweza."

"Mlifuata sensa au soda?"

"Kwani wewe unajua mpaka wake?"

Ngoja niseme ukweli. Huo mkesha nilikuwa nimeusikia. Mwenyekiti alipita na kipaza sauti siku mbili: njooni mkesha wa kuhamasisha sensa, njooni wote, msibaki nyuma. Sikwenda kwa kinyongo changu. Nilikula na binti yangu, tukalala. Nilidhani ni porojo za kawaida, mgeni rasmi atoe hotuba, watu wapige makofi, basi. Kumbe bondeni nzima ilihama.

Tulipita nyumba nyingine, na nyingine. Magumba, magumba, magumba. Mpaka vikongwe. Mpaka kichanga mmoja kaning'inizwa mgongoni, kigumba chake kama punje ya mahindi, nacho kina wino.

Karani akaketi kwenye ngazi ya nyumba ya watu. Akapiga simu, akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, sawa. Alipokata hakuinua macho.

"Baba, kuna kikosi maalumu. Usiku wa kuamkia leo kilipewa kazi ya kuwahesabu watu wasio na makazi. Wanaolala stendi, kwenye baraza za maduka, viwanjani."

"Ndiyo."

"Walipita pale wakaona uwanja umejaa watu. Wakamuuliza Mwenyekiti, akawaambia wahesabu tu."

"Ndiyo, mwanangu, halafu?"

"Ndivyo walivyoandikwa. Watu wasio na makazi. Eneo: kule juu."

Nilisimama pale na kizibao changu cha mtoto. Nilitaka kucheka, kikaja kikohozi.

*

Mwenyekiti tulimkuta barazani kwake, kavaa fulana ya sensa, kreti ya soda imebaki pembeni. Mkono mmoja chupa, mkono mwingine simu.

"Baba Chiriku! Kazi inaendaje, mzee wangu?"

"Hakuna kazi. Watu wote umewamaliza jana."

"Si ndivyo? Tumevunja rekodi."

"Wameandikwa hawana makazi."

"Nani?"

"Fundi. Mama mkaa. Kinyozi. Wote. Wameandikwa ni watu wa kulala viwanjani, tena wa kule juu. Bondeni hakuna mtu."

Akanywa funda moja. Akalifikiria.

"Lakini wamehesabiwa au hawakuhesabiwa?"

"Wamehesabiwa kwa wenzao!"

"Wenzao gani? Taifa si moja? Hesabu ikitoka mfuko wa kulia ikaingia mfuko wa kushoto, suruali ni ile ile."

"Mwenyekiti, zahanati."

"Zahanati itakuja."

"Ulisema hivyo mke wangu alipokuwa hai."

Hapo akaweka chupa chini. "Usinipandishe presha asubuhi yote hii. Mimi nilipigiwa simu na wakubwa: jaza uwanja, mgeni rasmi anakuja. Nikajaza. Hakuna aliyeniambia nisiwahesabie pale. Na bondeni uwanja uko wapi? Nimweke mgeni rasmi juu ya jalala?"

Huyo ndiye kiongozi wetu. Ukimtuma maji kisimani analeta kisima, halafu anasubiri ashukuriwe.

Karani alikuwa ameshamwita msimamizi wake. Akaja kijana juu ya pikipiki, hakuizima, hakuvua hata kofia ngumu. Alisikiliza yote kupitia kile kioo cha usoni.

"Mtu hahesabiwi mara mbili," akasema. "Hiyo ndiyo amri ya kwanza."

"Na nyumba zetu?" nikauliza.

"Nyumba zitaandikwa. Nyumba ipo, haina mtu. Nyumba ipo, haina mtu. Mnamalizia."

"Kwa hiyo bondeni nyumba hazina watu, na juu watu hawana nyumba."

"Kwa mujibu wa taarifa, ndiyo."

"Wewe unaniona mimi nimesimama hapa?"

"Mzee, mimi nafuata taarifa."

Nilishika usukani wa pikipiki yake. Sijui nilitaka kufanya nini. Mkono ulikwenda wenyewe. Karani akaingia katikati.

"Bosi, samahani. Waliandikwa saa ngapi?"

Msimamizi akazima pikipiki. Ndipo nikajua kuna mlango.

Karani akanieleza pole pole, kama anavyowaeleza watoto wake darasani, na sikuona vibaya. Sensa huanza saa sita kamili ya usiku. Anayehesabiwa kabla ya saa sita hesabu yake ni batili, kama mtu aliyekimbia kabla ya filimbi.

"Ilikuwa imepita saa sita," Mwenyekiti akadakia. "Ninayo saa." Akainua mkono. Saa ilikuwa nzuri kweli.

"Vishikwambi vya kikosi vitaonyesha," akasema karani.

"Viliishiwa chaji," akasema msimamizi. "Walitumia karatasi. Zote zimeandikwa baada ya saa sita." Akavua kofia sasa, akajikuna kichwa. "Zote. Watu wote wale."

Hata yeye ilimwingia akilini: watu wote wale waliandikwa lini, kama si tangu jioni?

"Sikiliza mzee. Niletee mtu mmoja aliyekuwepo, mtu anayeaminika. Aseme aliandikwa kabla ya saa sita. Na wewe mwongozaji utie sahihi chini ya maneno yake kwamba yote ya upande wako ni kweli. Nitafuta karatasi za uwanjani, mtahesabiwa upya nyumba kwa nyumba. Lakini ikionekana umenidanganya hata kaya moja, nazifunga zote na bondeni inabaki tupu. Leo jioni naondoka."

Mtu mmoja tu. Mtaa mzima ulikuwa uwanjani. Nikasema hili ni jepesi kama kukohoa.

Nikaanza na fundi. Akaangalia sindano yake. "Saa sikuiona, nilikuwa nacheza."

"Fundi, na hali ya mkeo?"

"Sare za shule nimepewa na nani nishone? Si Mwenyekiti? Baba Chiriku, usinitafutie balaa."

Mama mkaa akasema magunia yake yako kando ya barabara kwa hisani ya Mwenyekiti. Kinyozi akasema akiwa shahidi leo, kesho kibanda chake kinaitwa uchafu wa mji. Kila mtu ana kamba shingoni, na kamba zote zinaishia baraza moja.

Kinyozi ndiye aliyenifuata nje, wembe mkononi.

"Aliyerudi mapema ni mmoja. Aliandikwa, akakataa soda, akashuka zake. Alimwambia mke wangu kwamba redio ilipiga saa sita yeye keshavua viatu."

"Nani?"

Akanitazama kwa huruma. "Mama mkwe wako."

*

Mama mkwe anauza maziwa. Tangu nimfahamu, maziwa yake hayajaonja maji, na mtaa mzima unalijua hilo. Watu wakibishana wanasema twende kwa mama maziwa. Akisema jambo limekuwa, limekuwa.

Tatizo ni kwamba hasemi na mimi.

Tangu tulipomzika binti yake hajanielekezea neno. Kwake yeye ni mkokoteni ulioua: ningemwacha mgonjwa alale, nisingemrusha kwenye mashimo. Nikisema ningemwacha angekufa kitandani, hasikii. Akiwa na neno kwangu analipitisha kwa mjukuu.

Nikamchukua Chiriku, tukaenda. Bibi alikuwa uani anasuuza madumu.

"Shikamoo mama."

"Chiriku, mwambie baba yako marahaba."

"Baba, bibi anasema marahaba."

"Mama, nimekuja na shida kubwa."

"Chiriku, mwambie baba yako sijawahi kumwona amekuja na furaha."

"Baba, bibi anasema..."

"Nimesikia, mwanangu."

Nikamweleza yote. Uwanja, karatasi, saa sita. Nikamweleza kwamba bondeni ni tupu kwenye hesabu, na kwamba fundi anasubiri mtoto wakati wowote. Aliendelea kusuuza. Nilipomaliza akamimina maji chini.

"Chiriku, nenda bombani ukanijazie hili dumu."

"Bombani kuna foleni, bibi."

"Ndiyo maana nakutuma wewe, una maneno ya kuwasimulia."

Mtoto akaenda. Mama mkwe akajipangusa mikono kwa kanga, akanitazama usoni. Mara ya kwanza tangu makaburini.

"Nilikuwa nimeshavua viatu redio ilipolia. Kweli. Nitakwenda kusema."

"Mungu akubariki, mama."

"Ngoja kwanza. Mtoto aandikwe kwangu."

"Mtoto yupi?"

"Kwani tunao wangapi? Karani akifika kwako akikuuliza nani alilala, sema peke yako. Sema binti alilala kwa bibi yake."

"Lakini mama, hakulala hapa."

"Wewe unataka zahanati au hutaki?"

Wenye elimu mtaniambia sensa haimgawi mtoto. Labda. Hatukumuuliza karani. Bondeni mtu hana hati ya kiwanja, hana cheti cha kuzaliwa, hana chochote kinachosema kwao ni wapi. Sisi tunajua hivi: ulipoandikwa ndipo kwenu. Mama mkwe anajua hivyo, na mimi najua hivyo. Alikuwa ananiomba nimpe mtoto mbele ya serikali.

"Mama, huyo ndiye aliyenibakia."

"Na mimi yule ndiye niliyekuwa naye."

 Nilimwona akilini mke wa fundi na kile kipande cha boksi. Nikaona mkokoteni wangu umeegeshwa ukutani, na fundi anakuja mbio kuuazima. Maana angekuja kwangu. Mtaa mzima mwenye mkokoteni ni mimi.

"Sawa," nikasema.

"Sawa nini? Sema yote."

"Nitasema nililala peke yangu."

Akavaa viatu.

*

Mbele ya baraza ya Mwenyekiti mama mkwe alisimama wima kama mlingoti. Watu walishajaa, maana habari bondeni haina miguu ila inafika.

"Mama, una uhakika hiyo saa sita uliisikia ukiwa nyumbani?" akauliza msimamizi.

"Kijana, mimi ni sawa na bibi yako. Nimeandikwa pale uwanjani, nimetembea na mguu wangu mbovu mpaka bondeni, nimefungua kufuli, nimevua viatu, ndipo redio ikalia. Labda wewe una njia nyingine ya kunifikisha."

Mwenyekiti akajikohoza. "Redio yako mama ni mbovu, kila mtu anajua."

"Redio hiyo ndiyo iliyonitangazia kwamba umeshinda kiti. Siku ile mbona hukuja kuitengeneza?"

Watu wakapasuka. Mama mkaa alicheka mpaka akashika ukuta, na alama ya masizi bado iko pale mpaka leo. Hata msimamizi aligeuka akaangalia pembeni.

Karatasi za uwanjani akazipiga mistari, moja moja. Mimi nikatia sahihi. Niliishia darasa la nne, mkono wangu ni mzito, lakini jina langu nililiandika lote, lile la kwangu.

Nataka mwione bondeni ile. Watu walitimka kwenda kusugua magumba kwa majivu na ndimu, kana kwamba wino ndio uliokuwa ukiwazuia. Karani akaingia nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi alijibu kwa sauti mpaka jirani wakamwambia punguza. Akina mama walipanga watoto mbele ya mlango kwa urefu. Kila mtoto akitajwa anatoa kifua, mikono ubavuni, anasubiri kidole cha karani kigonge kile kioo, ndipo anakimbia. Karani sauti ilimkauka, akaletewa maji na nyumba tatu kwa mpigo.

Wachache, walisema! Nyumba moja tu ya wapangaji ilitukalisha mpaka jua likahama upande.

Nilitembea mbele yake nagonga milango, nacheka na watu, na kila nyumba tuliyoimaliza ilinisogeza kwangu. Tulipofika kwa mama mkwe sikuingia. Nilibaki njiani nikijifanya nafunga kamba ya kiatu, na viatu vyangu havina kamba. Karani hakukaa sana. Akatoka, akasema, "Bado kwako tu, baba."

Msimamizi alikuwa ameegesha pikipiki barabarani, anakunywa maji, anasubiri. Chiriku alikuwa mbele ya nyumba anaruka kamba.

"Haya," karani akasema, akaketi kwenye kigoda changu. "Nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Kamba ikasimama.

"Asubuhi si ulisema mko wawili?"

"Tuko wawili. Ila jana binti alilala kwa bibi yake."

Sikumwangalia mtoto. Niliangalia kile kioo. Karani akagonga, kikalia kidogo, akaandika. Halafu akasita. Akarudi nyuma kwa kidole, akasoma.

"Kwa bibi yake nimetoka sasa hivi, baba. Mama amesema alilala peke yake."

"Haiwezekani."

"Nilimuuliza mara mbili. Nilimuuliza, hata mjukuu hakuwepo? Akasema mjukuu alilala kwa baba yake."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa ametufuata. Amesimama kwenye kona ya ukuta wangu, mikono ameificha kwenye kanga.

"Mama! Si tulikubaliana?"

"Chiriku," akasema, "mwambie baba yako karani ameniuliza swali, nimemjibu."

Chiriku hakuniambia kitu.

"Kwa nini basi uliniambia niseme vile?"

Akaja karibu. Hakupitia kwa mtu sasa. "Mwanangu nilikupa mkononi, ukanirudishia juu ya mkokoteni. Nilitaka kujua kama na huyu ungemwachia, ukiombwa tu. Hata sikukuomba mara mbili."

"Nilifanya kwa ajili ya zahanati!"

"Najua. Na mimi nilikwenda kusema kwa ajili hiyo hiyo. Ningekwenda hata ungekataa."

Wakubwa waliotufikisha hapa walikuwa wapi muda huo? Mgeni rasmi keshalala zake mjini. Mwenyekiti yuko barazani na soda zake. Na mimi niliyekuwa nawalaani wao ndiye niliyekuwa nimesimama pale nimeshikwa na uongo, nao hawapo hata wa kuusikia.

"Baba," karani akasema kwa sauti ya chini, "mimi nimekula kiapo. Jibu lako nimeshaliandika. Nikilibadili, kishikwambi kinataka sababu, na sababu anaisoma yule pale." Akaonyesha barabarani kwa kidevu. "Ataona mwongozaji amesema uongo kwenye kaya yake mwenyewe. Unajua alichosema."

"Na usipolibadili?"

"Kwako hayupo. Kwa bibi hayupo." Akakifunika kioo kwa kiganja. "Basi hayupo."

Bondeni nzima ilikuwa ndani ya kile kibao. Mke wa fundi na alichobeba tumboni. Kichanga cha kigumba cha punje. Wote waliosugua wino kwa majivu.

"Baba," Chiriku akasema. "Kwani mimi nililala wapi?"

Si mtoto wa kukosa maneno. Lakini aliishia hapo. Akaiweka kamba chini, akaja akapita kati yangu na bibi yake, akasimama mbele ya karani. Kifua mbele, mikono ubavuni.

Barabarani pikipiki ikawashwa.

"Karani!" msimamizi akaita. "Hapo mwisho ni wangapi?"

Wote watatu wakanigeukia mimi.